Neno Lililoachwa Jukwaani: Uhakiki wa Matamasha ya Muziki wa Zamani wa Ethiopia kwa Mtazamo wa Mpaka wa Katwe, Kasese na Bwera

Ikisiri

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, nyimbo za dansi, jazi na fanki zilizorekodiwa Addis Ababa kabla na baada kidogo ya mapinduzi ya 1974 zimerudishwa jukwaani Ulaya, Marekani na Ethiopia kwenyewe. Makala hii inahakiki matamasha hayo kwa kuuliza ni kitu gani hasa kinachorudishwa. Inadaiwa kwamba kilichohuishwa ni mlio, ilhali neno, ambalo kwa wasikilizaji wa kwanza lilikuwa na uzito usiopungua ule wa mlio, limeachwa nyuma. Hoja hiyo inapimwa kwa nyimbo za Kiswahili zilizoimbwa na wanamuziki wa Kongo waliohamia Afrika Mashariki, nyimbo ambazo zina wasikilizaji wake katika eneo la Katwe, Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda. Inapendekezwa kwamba sera ya Kiswahili nchini Uganda izihesabu nyimbo hizo kuwa matini za lugha.

Istilahi za msingi: utendaji, hadhira, fumbo, zilipendwa, Kiswahili cha mpakani

Utangulizi

Uhakiki wa muziki katika taaluma ya Kiswahili umeegemea zaidi maneno yaliyokwisha kunukuliwa kwenye karatasi. Taarabu imechambuliwa sana kwa upande wa mafumbo, muziki wa dansi umechambuliwa kwa kiasi, na onyesho lenyewe, yaani zile saa mbili za bendi mbele ya watu waliolipa kiingilio, limeachiwa waandishi wa magazeti. Upungufu huo si mdogo. Kelly Askew (2002) alikwisha kuonyesha kwa mifano ya taarabu ya Tanzania kwamba maana ya wimbo haikamiliki kinywani mwa mwimbaji. Hukamilika pale msikilizaji anapoinuka na kwenda kumtunza mwimbaji katika ubeti aliouchagua mwenyewe, huku jirani yake akijua kwamba ubeti ule umemlenga. Bila hadhira inayoelewa, fumbo hubaki sentensi ya kawaida.

Huenda msomaji akauliza Ethiopia inaingiaje katika mjadala wa Kiswahili. Jibu la kwanza ni la kibiashara. Kampuni ya Buda Musique ya Paris ndiyo iliyotoa mfululizo wa Éthiopiques, uliohaririwa na Francis Falceto na kufikia juzuu zipatazo thelathini. Kampuni hiyohiyo, kuanzia 2005, imetoa mfululizo wa Zanzibara chini ya uhariri wa Werner Graebner, ambamo kuna taarabu ya Ikhwani Safaa na muziki wa dansi wa Tanzania wa enzi ya ujamaa. Muziki wa Addis Ababa na ule wa Dar es Salaam umekaa kwenye rafu moja na kununuliwa na wateja walewale. Kwa vile Éthiopiques imetangulia na imefika mbali zaidi, kuichunguza ni kutazama njia ambayo nyimbo za Kiswahili nazo zimeanza kuipita.

Jibu la pili linahusu mahali. Katwe, mji mdogo wa chumvi kando ya Ziwa Edward, pamoja na Kasese na Bwera, ni eneo ambalo watu wake wamezoea kusikiliza nyimbo za lugha wanayoielewa nusu. Mkonzo wa Bwera na Mnande wa ng'ambo ya mto Lhubiriha huzungumza lugha ambayo ni moja, tofauti ikiwa ni jina tu, lakini redio na spika za madukani huwaletea Kilingala, Kiswahili, Kiganda na Kiingereza. Hali hiyo ya kuelewa nusu, ambayo kwa msikilizaji wa London ni jambo la kupita, Bwera ni hali ya kila siku, na ndiyo inayoufanya mpaka huu kuwa mahali pazuri pa kuyapimia matamasha ya Ethiopia.

Kutoka Addis Ababa hadi Barbican

Historia ya muziki huu inajulikana vya kutosha, na hapa inatajwa kwa ufupi. Chini ya Mfalme Haile Selassie, bendi kubwa zilikuwa mali ya taasisi za dola: Walinzi wa Mfalme, Polisi, Jeshi, na Jumba la Maonyesho la Haile Selassie I. Haki ya kutoa santuri ilihodhiwa na chama cha Hager Fikir kwa idhini ya kifalme. Mwaka 1969 kijana mfanyabiashara, Amha Eshete, aliamua kuuvunja uhodhi huo na kuanzisha Amha Records. Ndani ya miaka michache alitoa santuri zipatazo mia moja. Halafu yakaja mapinduzi ya 1974, na pamoja nayo amri ya kutotoka nje usiku. Amha alihamia Marekani. Wanamuziki wengine walimfuata kwa nyakati mbalimbali, na waliobaki walipiga hotelini, kwenye kumbi ambazo hadhira ilifungiwa ndani hadi alfajiri.

Wahakiki wa Ulaya hupenda kueleza kuzimika kwa muziki huo kwa itikadi ya utawala wa Derg. Itikadi ilikuwapo, lakini maelezo hayo yanalisahau jambo la kawaida zaidi: bendi ya dansi huishi kwa usiku. Uganda ililiona hilo bila mapinduzi yoyote, kati ya Machi 2020 na Januari 2022, wakati amri ya kutotoka usiku iliyowekwa kwa ajili ya UVIKO-19 ilipozifunga kumbi kwa karibu miaka miwili. Ethiopia iliishi chini ya amri ya namna hiyo kwa muda mwingi wa miaka kumi na saba ya utawala wa Derg. Katika muda huo mpiga tarumbeta anayekufa haachi mwanafunzi, na kijana anayependa muziki hujifunza kinanda cha umeme, chombo kimoja kinachojaza nafasi ya watu wanane bila kuwalipa.

Ndiyo maana, muziki huo ulipohitajika tena jukwaani, bendi za kuupiga kwa ukamilifu wake zilipatikana nje. Januari 2004 Either/Orchestra, bendi ya jazi ya eneo la Boston inayoongozwa na mpiga saksafoni Russ Gershon, ilikwenda Addis Ababa kupiga mbele ya Waethiopia tungo za Waethiopia, ikishirikiana na wakongwe kama Mulatu Astatke na Getatchew Mekurya. Rekodi ya onyesho hilo ikawa juzuu la 20 la Éthiopiques. Juni 2008 bendi hiyohiyo ilisimama katika ukumbi wa Barbican, London, nyuma ya Mahmoud Ahmed, Alemayehu Eshete, Mulatu na Getatchew. Matukio hayo mawili, yenye bendi moja na baadhi ya wapigaji walewale, yanafaa kulinganishwa kwa sababu kilichobadilika zaidi ni hadhira.

Kwa upande wa muziki pekee, rekodi ya Addis Ababa inastahili sifa. Santuri ndogo ya zamani ilimlazimisha mwanamuziki amalize maneno yake ndani ya dakika chache za upande mmoja. Jukwaa limempa nafasi ya kupumua. Ala za kupuliza hazikubananwa. Mizani ya noti tano, ambayo mpigaji asiyeijua huiharibu kwa kuijaza noti za ziada, imeheshimiwa kwa sehemu kubwa, na pale ambapo Gershon na wenzake wanaizungushia upatanifu wa jazi wanafanya hivyo kwa tahadhari ya mgeni aliyekaribishwa mezani. Kasoro iko kwingine. Hii ni bendi ya ala. Inapotwaa wimbo uliokuwa na mwimbaji, mara nyingi nafasi ya mwimbaji inachukuliwa na saksafoni, na msikilizaji asiyeujua wimbo hawezi kubaini kwamba pameondolewa kitu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Getatchew Mekurya. Umaarufu wake ulitokana na kuihamishia kwenye saksafoni shellela, yaani majigambo ya mpiganaji kabla ya vita. Msomaji wa magharibi mwa Uganda hahitaji maelezo marefu: shellela ni ndugu wa ebyevugo vya Wanyankore, ambamo mtu hujitaja, hutaja fahali wake, hutaja aliowashinda, kwa pumzi moja isiyokatika. Getatchew aliichukua pumzi hiyo na kuipitisha kwenye saksafoni. Mwethiopia anayemsikiliza anasikia maneno nyuma ya mlio, kwa kuwa anajua mahali ambapo jina hutajwa na mahali ambapo sauti hupandishwa ili kutisha. Wahakiki wa Ulaya na Marekani, kwa kuikosa hiyo shellela, walimlinganisha na Ornette Coleman na Albert Ayler, mabingwa wa jazi huru wa Marekani. Ulinganisho huo ulikusudiwa kuwa sifa. Hata hivyo, unamfanya mpigaji aliyekuwa akinena kwa kanuni kali za utanzu wake aonekane kama mtu aliyezivunja kanuni zote.

Basi onyesho moja limekuwa maonyesho mawili. Hakuna haja ya kumlaumu msikilizaji wa London. Alilipa kiingilio, alipiga makofi, na pengine alitoka akiwa na hamu ya kujua zaidi. Lawama, kama ipo, ni ya mfumo mzima wa kuwasilisha. Vijitabu vya Éthiopiques vina utafiti wa thamani kuhusu bendi, studio na wafanyabiashara, na bila kazi ya Falceto mengi yangepotea. Lakini uzito wake umo katika historia ya wapigaji kuliko katika matini ya walichokiimba. Si ajabu kwamba juzuu mojawapo lililofika mbali zaidi duniani ni la nne, la Mulatu Astatke, ambalo ni la ala bila uimbaji. Mwaka 2005 Jim Jarmusch aliutumia muziki huo katika filamu yake Broken Flowers, na kwa watazamaji wengi huo ndio uliokuja kuwa muziki wa Ethiopia wote: mlio wa kiza, wa kupendeza, usiosema neno.

Nta na dhahabu, soksi na kondomu

Utamaduni wa Kiamhari una istilahi ya usemi wenye tabaka mbili: sem-ena-werq, yaani nta na dhahabu. Istilahi hiyo imetoka kwa sonara, ambaye hutengeneza umbo kwa nta, hulifunika kwa udongo, kisha humimina dhahabu iliyoyeyushwa nayo nta hutoka. Maana ya juu ni nta. Ya ndani ni dhahabu. Donald Levine aliitumia kuwa jina la kitabu chake cha 1965 kuhusu utamaduni wa Waamhara, na kwa msomaji wa Kiswahili haina ugeni, kwani ndiyo kazi ya fumbo.

Tilahun Gessesse, mwimbaji mkubwa kuliko wote wa kizazi chake, alikuwa katika bendi ya Walinzi wa Mfalme. Walinzi hao ndio walioongoza jaribio la mapinduzi la Desemba 1960. Wimbo wake Altchalkum, ambao jina lake lina maana ya kutoweza kustahimili tena, kwa nta ni malalamiko ya mpenzi. Kwa dhahabu, wasikilizaji wengi waliusikia kuwa malalamiko ya raia. Mtu anaweza kuupenda wimbo huo bila kujua chochote kati ya haya. Kinachobishaniwa hapa ni iwapo mtu huyo ameusikia.

Kiswahili kina mfano wake, tena wa karibu zaidi. Remmy Ongala, aliyezaliwa 1947 katika eneo la Kivu, alifika Dar es Salaam 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, bendi ambayo yenyewe ilianzia Kampala kabla ya kuhamia Tanzania katikati ya miaka ya 1970. Baadaye, akiwa na Super Matimila, aliimba Mambo kwa Soksi, wimbo wa kuhimiza matumizi ya kondomu wakati UKIMWI ulipokuwa ukizungumzwa kwa kunong'ona. Redio Tanzania haikutaka kuupiga. Soksi ni nta. Kila mlevi wa Manzese alijua dhahabu ni nini, na ndiyo maana redio nayo ilijua. Ongala huyohuyo alikwisha kupiga katika matamasha ya WOMAD nchini Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1980 na kurekodi kwa kampuni ya Real World. Kwa hadhira ya huko alikuwa mpigaji gitaa hodari mwenye bendi inayochezesha. Nyumbani aliitwa Dokta, na watu walimsikiliza wakiwa wamesimama.

Tofauti kati ya mifano hii miwili ni kwamba wimbo wa Ongala bado una mashahidi wengi walio hai, na lugha yake inafundishwa kutoka Dar es Salaam hadi vyuo vya Ujerumani. Muda wa kuandika maelezo yake haujapita. Kwa nyimbo nyingi za Addis Ababa za miaka ya 1960, waliojua nani alilengwa na ubeti gani wamekwisha kufa, na maneno yaliyobaki kwenye santuri hayatoshi kuwafufua.

Tezeta na zilipendwa

Neno tezeta katika Kiamhari ni jina la mambo matatu kwa pamoja: kumbukumbu, aina ya wimbo wa majonzi, na mojawapo ya mizani nne kuu za muziki, nyingine zikiwa bati, ambassel na anchihoye. Mwimbaji wa tezeta hakumbuki tu kitu kilichopita. Anaimba tendo lenyewe la kukumbuka, likiwa linaendelea. Kwa hiyo tezeta haiwezi kuwa ya zamani. Inapoimbwa leo ni ya leo.

Kiswahili kimechagua njia nyingine. Watanzania husema zilipendwa, Wakenya husema zilizopendwa. Umbo la Tanzania ni sentensi kamili: kiambishi cha ngeli, wakati uliopita, kitenzi katika kauli ya kutendwa. Nyimbo zilipendwa, basi, habari imekwisha. Umbo la Kenya lina urejeshi, kwa hiyo linasubiri kukamilishwa: nyimbo zilizopendwa, je, zimefanya nini, ziko wapi? Ingekuwa kutia chumvi kudai kwamba tofauti hiyo ya kiambishi kimoja inaeleza tofauti ya sera za utamaduni za nchi mbili. Lakini maumbo yote mawili yanauweka upendo katika wakati uliopita na kumficha mpendaji, na mwandalizi wa tamasha anayelitumia neno hilo kwenye tangazo anaiambia hadhira, kabla ya noti ya kwanza, kwamba imekuja kutembelea kaburi. Afrigo Band ya Kampala, iliyoanzishwa 1975 na ingali ikipiga chini ya Moses Matovu, haiingii vizuri katika neno hilo: haijawahi kuacha, kwa hiyo haijawahi kufufuliwa, na hakuna bendi ya Boston iliyohitajika kuisindikiza. Ni jambo la kusikitisha kidogo kwamba bendi isiyokufa huvutia watafiti wachache kuliko ile iliyokufa ikafufuliwa.

Mpakani

Nyimbo za Kongo zilikuwa zikisafiri kwenda mashariki kabla ya bendi kubwa kuanza kuhama. Jean Bosco Mwenda alirekodiwa na Hugh Tracey huko Katanga mwaka 1952, na gitaa lake pamoja na Kiswahili chake vikasikika kote Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1970 wakaja wanabendi: Baba Gaston, Super Mazembe, Maquis du Zaire, Makassy. Uganda ilikuwa pa kupita, na mara nyingine pa kukimbia. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, upande wa Bahari ya Atlantiki ambako Kiswahili si lugha ya mazungumzo, alipiga Kampala katikati ya miaka ya 1970 na kundi la Les Kinois, kisha akahamia Nairobi 1977, ambako baadaye aliunda Orchestra Virunga. Jina la bendi hiyo linatajwa Nairobi kana kwamba ni la mbali. Kwa mkazi wa Katwe ni la jirani, kwa kuwa Hifadhi ya Virunga imepakana na Hifadhi ya Malkia Elizabeth inayouzunguka mji wake, na ziwa lake ni moja na la Wakongo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba wanamuziki hawa walijifunza Kiswahili, au walikibadilisha, kwa ajili ya hadhira. Kilingala kilibaki kwenye viitikio na kwenye vilio vya kuita gitaa; habari ya wimbo ilisimuliwa kwa Kiswahili ili ieleweke Nairobi na Dar es Salaam. Huko ni kupanga lugha, ingawa hakukufanywa na tume. Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kifundishwe kwa lazima shuleni. Katika miaka yote hiyo hamsini, hoja iliyorudiwa dhidi ya Kiswahili nchini Uganda ni kwamba ni lugha ya kambi ya jeshi. Mtu aliyekulia Bwera ana kumbukumbu nyingine. Kwake Kiswahili ni lugha ya soko la Mpondwe, la samaki na chumvi na vitenge, na ni lugha ya wimbo wa mapenzi. Hoja ya kambi haijibiwi kwa kamusi. Inajibiwa kwa kumbukumbu hiyo, ambayo mitaala haijaitumia.

Kiswahili hicho hakifanani na cha vitabuni. Wimbo Shauri Yako, ulioanzwa na Nguashi N'Timbo na kuenezwa na Super Mazembe, unabeba katika jina lake tatizo zima la mwalimu. Nomino shauri iko katika ngeli ya LI-YA, na upatanisho unaotarajiwa ni shauri lako. Msemo shauri yako, hata hivyo, umeenea pwani na bara kwa maana ya pekee, ya kumwachia mtu matokeo ya uamuzi wake, na mzungumzaji wa Mombasa hatashtuka akiusikia. Kwa mwanafunzi wa Bwera, anayesikia upande wa pili wa mto watu wakisema bintu mahali pa vitu, na iko mahali pa ni, umbo hilo si kosa wala si pekee. Ni sehemu ya mfumo mpana. Mwalimu aliyetumwa na mtaala wa Sanifu akiufuta wimbo huo ubaoni kwa sababu ya yako, atakuwa amefuta pia kitu pekee cha Kiswahili ambacho mwanafunzi aliingia nacho darasani.

Hapa ndipo matamasha ya Ethiopia yanaporudi. Wimbo wa Super Mazembe ukipigwa leo na bendi ya hoteli, au ukichanganywa na mpigaji wa disko, kinachodumu ni gitaa. Wachezaji wanaijua sehemu ambapo gitaa la pili linaingia na kubadilisha mwendo, nao hulisubiri. Maneno huimbwa kwa kukisia. Silabi zinapatikana, maana inaelea. Kuna watakaosema hakuna hasara, kwamba watu wa mpakani wamecheza rumba ya Kilingala kwa miongo bila kuielewa na hawajadhurika. Pingamizi hilo lina ukweli ndani yake, na tena lina faida ambayo waliolitoa hawakuikusudia: kuelewa nusu ni hatua ya kujifunza lugha, na wimbo unaorudiwa ndio mwalimu mvumilivu kuliko wote. Lakini hatua hiyo huenda mbele tu kama pana mahali pa kwenda kuuliza. Kwa Kilingala hakuna aliyeahidi. Kwa Kiswahili, serikali imeahidi.

Kinachoweza kufanywa sasa

Hazina za sauti zipo. Kanda za iliyokuwa Redio Tanzania Dar es Salaam, studio ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyorekodi karibu bendi zote za nchi hiyo, bado zinahifadhiwa na shirika lililoirithi. Chuo Kikuu cha Makerere kina hazina ya muziki yenye jina la Klaus Wachsmann, ambamo rekodi alizozifanya Uganda kabla ya uhuru zimerudishwa kutoka ng'ambo. Kazi iliyokosekana ni ya matini: unukuzi wa maneno kama yalivyoimbwa, maelezo ya fumbo kutoka kwa walioyasikia yakiwa mapya, na kumbukumbu ya nani alitunga. Hili la mwisho si la kitaaluma tu. Mtunzi asiyeandikwa hana hakimiliki, na nyimbo nyingi za kipindi hiki zimetolewa upya nje zikiwa na jina la bendi pekee, wakati kwa wasikilizaji wa nyumbani mtunzi alijulikana kwa jina na kwa mtaa.

Taasisi yenye wajibu wa karibu ni Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar. Tangu Julai 2022, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipokuwa mwanachama kamili wa Jumuiya, Kiswahili cha Kivu na Katanga hakiwezi tena kuhesabiwa kuwa lahaja ya ugenini. Mradi mdogo wa kunukuu nyimbo mia moja za bendi zilizovuka mipaka, ukifanywa na walimu wa Kasese pamoja na wenzao wa Beni na Butembo, ungegharimu kidogo kuliko warsha moja ya viongozi hotelini. Ungehitaji kanuni moja tu isiyojadiliwa: mnukuzi asisahihishe. Sarufi Sanifu iwekwe kwenye maelezo ya pembeni, bintu ibaki bintu, kiitikio cha Kilingala kibaki mahali pake na tafsiri yake chini, na Shauri Yako ifike darasani Bwera ikiwa na yako yake.